Stima Yetu ni Safi, Lakini Saa Ngapi? Kusoma hesabu ya kaboni kutoka Olkaria hadi Muhoroni

Mjadala wa kaboni ukizuka nchini, hakosekani mtu wa kutaja kwamba karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hajakosea. Mwenzake atauliza mbona basi risiti ya tokeni hubeba gharama ya mafuta mwezi baada ya mwezi. Huyo naye hajakosea. Wa kwanza amejumlisha uniti za mwaka mzima. Wa pili, bila kujua, anaulizia saa mbili usiku.

Tuanze na daftari la taifa, maana hapo ndipo watu hupotea mapema. Mwaka 2015 Kenya ilikadiriwa kutoa gesi chafu sawa na tani milioni 93.7 za hewa ya ukaa. Kilimo kilichukua takriban asilimia 40, na ukataji wa misitu pamoja na matumizi ya ardhi asilimia 38. Kawi, uchukuzi, viwanda na taka viligawana kilichobaki. Ahadi iliyowasilishwa kwa Umoja wa Mataifa Desemba 2020 ni kupunguza kwa asilimia 32 kufikia 2030. Kupunguza kutoka wapi? Si kutoka kiwango cha leo, bali kutoka makadirio ya tani milioni 143 ambazo tungefikia tusipochukua hatua. Toa asilimia 32 hapo, unabaki na tani milioni 97 hivi, yaani juu kidogo ya zile za 2015. Nchi inayochangia chini ya asilimia 1 ya gesi chafu duniani haina aibu kuahidi hivyo, ila anayesema kwamba Kenya itakuwa imepunguza theluthi ya moshi wake hakusoma mstari wa pili.

Mfano mdogo wa uzito wa kilimo. Kwa kipimo cha msingi cha kimataifa cha 2006 kwa Afrika, ng'ombe wa maziwa hutoa kilo 46 hivi za methani kwa mwaka. Methani huhesabiwa mara 28 ya hewa ya ukaa, kwa hiyo ng'ombe mmoja ni tani 1.3. Nyumba inayotumia uniti 30 kwa mwezi, hata kama kila uniti ingetoka kwenye dizeli, haifiki kilo 350. (Dawa si kuchinja ng'ombe. Anayekamuliwa lita 12 hali mara tatu ya anayekamuliwa lita 4, hivyo gesi kwa kila lita ya maziwa hushuka. Lishe bora ni hatua ya tabianchi, ingawa haipigwi picha kama paneli za sola.)

Sasa turudi kwenye saa. Mahitaji ya stima nchini hupanda kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, na mwaka 2025 kilele kilipita megawati 2,300. Jua la Kisumu huwa limeshazama kabla ya saa moja. Mitambo yote ya sola iliyolisha gridi mchana inasoma sufuri taa zinapowashwa, pasi zinapopashwa moto na runinga zinapofunguliwa. Pengo hujazwa na maji yaliyohifadhiwa, na yasipotosha, dizeli na mafuta mazito. Kisha usiku wa manane mambo hugeuka: mahitaji huanguka hadi karibu nusu ya kilele, na ndio wakati upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu. Kisima cha mvuke si bomba la jikoni la kufungwa na kufunguliwa kila saa, kwa hiyo mvuke mwingine wa Olkaria, karibu na Naivasha, huachiwa hewani bila kuzungusha tabo (mtambo wa mapanga unaozungusha jenereta). Nchi hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, inachoma dizeli jioni na kutupa mvuke alfajiri.

Ndiyo maana megawati za vyanzo tofauti hazilingani. Megawati 1 ya mvuke ikifanya kazi asilimia 90 ya mwaka huzalisha uniti milioni 7.9. Megawati 1 ya sola, kwa asilimia 18, huzalisha uniti milioni 1.6. Ukisikia mradi umetangazwa kwa megawati pekee, uliza uniti kwa mwaka, kisha uliza zinapatikana saa gani.

Magharibi mwa nchi kuna tatizo la pili, nalo ni waya. Mvuke uko Nakuru, upande wa Naivasha na Menengai, lakini uniti zikisafiri mbali kwenye laini iliyolemewa, volteji hushuka kabla hazijafika Kisumu. Hapo ndipo mtambo wa Muhoroni, wenye tabo mbili za megawati 30 zinazochoma mafuta, hupata kazi: si kwamba nchi imekosa kawi safi, bali haifiki kwa nguvu inayotakiwa. Chukua tabo moja ya aina hiyo ikinguruma kwa muda wa saa 4. Ni uniti 120,000, lita 40,000 hivi za dizeli, na kwa kuwa kila lita hutoa kilo 2.68 za hewa ya ukaa, tani 107 kwa jioni moja. Laini ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu ilijengwa kwa sababu hiyo hasa. Kwa maoni yetu, waya huo una thamani kubwa zaidi ya kaboni kuliko shamba jingine la sola ambalo litalala jioni.

Sondu Miriu, huko Nyakach, inatoa funzo la namna nyingine. Ina megawati 60, na Sang'oro chini yake hutumia maji yale yale kupata megawati 21. Haina ziwa kubwa la kuhifadhi. Maji ya mto huingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 na kushuka. Mto ukipungua, uniti hupungua wiki hiyo hiyo. Mto wenyewe huanzia msitu wa Mau. Mti ukikatwa Mau hurekodiwa mara moja kwenye safu ya misitu, lakini unalipiwa tena Muhoroni kwa dizeli, na hesabu hiyo ya pili haiandikwi popote.

Pikipiki ya umeme nayo ipimwe kwa saa. Kilomita 100 kwa petroli ni lita 2.5 hivi, takriban kilo 5.8 za hewa ya ukaa. Ya umeme hutumia uniti 5 ukihesabu hasara ya kuchaji. Kwenye gridi, zaidi ya uniti 20 kati ya kila 100 hupotea, sehemu kwa joto la waya na sehemu kwa wizi. Ukichaji saa mbili usiku wakati uniti ya nyongeza inatoka kwenye dizeli, unafikia kilo 5 na zaidi. Faida karibu yote imeliwa. Ukichaji saa nane usiku, unakunywa mvuke ambao ungetupwa. Bei maalum ya stima ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, iliyoanza 2023, hushuka hadi nusu saa hizo, na mwenye kituo cha kubadilishia betri anaweza kuweka kipima saa leo.

Kwa shule, zahanati na hoteli, kosa tunalolikuta mara nyingi ni sola isiyo na betri kununuliwa ili kumaliza jenereta. Inverta ya aina hiyo (kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani) hujizima stima ya gridi ikipotea, ili isimpige fundi aliye juu ya nguzo. Paneli ziko juani na jenereta inanguruma. Mbaya zaidi, wengine huziunganisha na jenereta bila kidhibiti: sola inabeba karibu mzigo wote, jenereta ya KVA 20 inabaki na kilowati 4. Chini ya asilimia 30 ya uwezo, injini haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye bomba la moshi, na uniti iliyogharimu theluthi ya lita sasa inakula nusu lita au zaidi. Kabla ya kuita muuzaji, andika kwa mwezi mmoja lita zilizonunuliwa, saa ilizowaka jenereta na muda wa kila kupotea kwa stima. Zidisha lita kwa 2.68 upate kilo za hewa ya ukaa. Stima ikipotea zaidi jioni, bei ya betri ndiyo ya kuulizwa kwanza, na paneli zifuate ukubwa wa betri.