Je, galaksi zinatukimbia kweli, au ni nuru inayochoka njiani?

Swali hili linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa Kisumu na Nakuru kupitia video fupi fupi: eti ulimwengu hautanuki hata kidogo, nuru ya galaksi za mbali hutufikia ikiwa nyekundu kwa sababu imesafiri mno ikachoka, na wanasayansi wanalijua hilo ila wamelificha. Wengine wanaongeza kwamba mwaka 2023 ulimwengu ulionekana kuwa na umri wa miaka bilioni 26.7, si ile bilioni 13.8 iliyo vitabuni. Mwalimu akiulizwa, mara nyingi husema hayo ni ya mitandaoni, na somo likaendelea. Naona huko ni kumpunja mwanafunzi. Wazo la nuru kuchoka halikuzuliwa na wapiga porojo. Lilitolewa mwaka 1929 na Fritz Zwicky, mmoja wa wanaastronomia hodari zaidi wa karne iliyopita, na lilistahili kujibiwa kwa vipimo. Lilijibiwa, ingawa majibu yenyewe yalichukua zaidi ya miaka 60.

Tuanze na kinachoonekana. Nuru ya nyota au galaksi ikipitishwa kwenye prizimu hutawanyika ikawa utepe wa rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Utepe huo huitwa spektra, na ndani yake mna mistari, kila elementi na mistari yake. Haidrojeni ina mstari mwekundu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na mwingine wa samawati kwenye 486. Iwe haidrojeni ya Jua au ya chupa iliyo maabara ya shule, mistari ni ileile. Galaksi ya mbali nayo huonyesha mistari hiyo kwa mpangilio huohuo, ila yote imesogea upande wa nyekundu kwa uwiano mmoja.

Februari 1963, Maarten Schmidt alikuwa California akihangaika na spektra ya kitu kiitwacho 3C 273. Kwenye picha kilifanana na nyota ya kawaida, lakini mistari yake haikulingana na elementi yoyote inayojulikana. Kisha akaona kwamba mpangilio ule ni wa haidrojeni, basi tu mstari wa 486 umesogea hadi 563, na ule wa 656 umefika 760, mpakani mwa rangi ambazo jicho la binadamu linaweza kuona. Kila wimbi lilikuwa limerefuka kwa asilimia 15.8. Kitu kile hakikuwa nyota kamwe. Kilikuwa kwasa, kiini cha galaksi kinachowaka kwa nguvu za kutisha, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili, mwaka wa nuru ukiwa ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.

Kurefuka huku kwa mawimbi hakuna anayekubishia. Zwicky hakukubishia, na wapinzani wa leo hawakubishii. Ugomvi wote ni juu ya sababu.

Na huwezi kusema lolote juu ya sababu kabla hujajua umbali. Hapa mkazi wa Kisumu ana bahati ambayo wengi wa Ulaya hawana. Mji uko sehemu moja ya kumi ya digrii kusini mwa Ikweta, kwa hiyo anga ya kaskazini na ya kusini zote ziko wazi kwake. Jioni ya Novemba isiyo na mwezi, mnamo saa tatu na nusu, mvua za vuli zikikupa nafasi, nenda penye giza ufukweni, tuseme Dunga. Tazama kaskazini, kidogo zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona doa dogo la ukungu. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Sasa geuka utazame kusini, juu ya maji, kuelekea Kendu Bay. Chini kabisa, kama digrii 17 kutoka upeoni, mna kiwingu hafifu ambacho upepo hauwezi kukisogeza. Hilo ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 200,000. Usiku wa giza ndio usiku wa omena, kwa hiyo taa za wavuvi zikiwa nyingi sogea pembeni zisikupige machoni, na uyape macho yako robo saa yalizoee giza. Andromeda na Wingu Dogo hufika kilele chao angani karibu wakati mmoja, moja kaskazini na jingine kusini, na wewe uko katikati.

Hivyo viwili ndivyo vilivyotupa rula ya kupimia ulimwengu. Henrietta Leavitt wa Harvard alichunguza picha za Wingu Dogo zilizopigwa Arequipa, Peru, maana kutoka Harvard wingu hilo halichomozi kamwe. Mwaka 1912 alionyesha kwamba nyota 25 za humo, za aina ya Sefeidi, hung'aa na kufifia kwa zamu, na kadiri zamu inavyokuwa ndefu ndivyo nyota inavyotoa nuru nyingi zaidi. Basi ukihesabu siku za zamu unajua nyota inatoa nuru kiasi gani. Ukilinganisha na nuru inayokufikia, unapata umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata Sefeidi ndani ya Andromeda, na lile doa likathibitika kuwa galaksi nyingine, nje kabisa ya hii yetu. Mwaka 1929 akachapisha jambo lililotikisa kila mtu: galaksi ikiwa mbali zaidi, nuru yake imerefuka zaidi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameshaandika hivyo mwaka 1927, akieleza kwamba ni nafasi yenyewe inayotanuka na kuyarefusha mawimbi yaliyo safarini.

Kuna kosa moja hapa ambalo hata vitabu hulifanya. Si kweli kwamba galaksi zote zinatukimbia. Andromeda inatujia. Vesto Slipher alilipima hilo mwaka 1912 na kupata mwendo wa kilomita 300 kwa sekunde, nuru yake ikiwa imesogea upande wa samawati. Galaksi zilizo jirani hushikana kwa mvutano wao, na kutanuka huonekana kwa zile za mbali tu.

Zwicky aliyasoma matokeo ya Hubble akasema: huenda galaksi zimetulia. Pengine nuru, katika safari ya mamilioni ya miaka, inavutwa na maada iliyo njiani na kupoteza nishati kidogo kidogo. Nuru ikipungukiwa na nishati, wimbi lake hurefuka. Hiyo ni fizikia ya kawaida. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo nishati inavyopotea zaidi. Kwa hiyo wazo lake linazaa uhusiano uleule aliouona Hubble, na kwa kuangalia mistari ya spektra peke yake huwezi kuamua nani mkweli. Hubble mwenyewe aliendelea kuwa na tahadhari juu ya maana ya alichokipima hadi alipofariki mwaka 1953. Anayemcheka Zwicky leo hajalielewa tatizo.

Kilichohitajika kilikuwa saa, saa iliyoko mbali, ambayo tunajua inavyopiga. Chukua mabasi yanayotoka Kisumu kwenda Nakuru, moja kila baada ya saa. Hata kama njiani kila basi linaishiwa na mafuta na kupauka rangi, ilimradi yote yapatwe na hayo sawasawa, stendi ya Nakuru yataingia moja kila baada ya saa, vilevile kama yalivyotoka. Lakini barabara yenyewe ikiwa inarefuka wakati yako safarini, kila basi linakuta njia ndefu kuliko lililotangulia, na pengo kati yao linapanuka. Nuru iliyochoka hufika nyekundu bila saa kubadilika. Nuru iliyopita kwenye nafasi inayotanuka hufika nyekundu na saa yake imepungua mwendo, kwa kiasi kilekile.

Mwaka 1939 Olin Wilson alipendekeza saa ya kutumia: supanova, nyota zinazolipuka. Supanova za aina ya Ia hukaribia kufanana zote. Nuru yake hupanda kwa takriban wiki tatu, kisha hufifia kwa wiki kadhaa kwa mtindo unaojulikana. Wazo lilikuwa zuri, darubini ndizo zilizokuwa bado. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990. Supanova ya 1995K, ambayo mawimbi yake yalikuwa yamerefuka kwa asilimia 48, ilipanda na kufifia polepole kuliko zile za karibu, karibu mara moja na nusu. Kisha mwaka 2024 kundi la watafiti waliotumia darubini ya Cerro Tololo nchini Chile likachapisha vipimo vya supanova 1,504. Walitafuta namba moja: 0 ikiwa nuru inachoka tu, 1 ikiwa nafasi inatanuka. Walipata 1.003, kosa la kipimo likiwa takriban 0.01.

Wapinzani walikuwa na hoja moja nzito iliyobaki. Kwasa nazo hubadilika ung'avu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba zile za mbali hubadilika polepole zaidi. Kama ulimwengu unatanuka, mbona saa hii haipungui mwendo? Swali lilikuwa halali kabisa. Mwaka 2023 Geraint Lewis na Brendon Brewer waliangalia kwasa 190 zilizofuatiliwa kwa miaka kama 20, wakazipanga kwa usahihi zaidi, na kupungua kule kukaonekana. Zile za mbali zaidi zilionekana kwenda mara tano polepole.

Ushahidi mwingine niutaje kwa haraka. Kitu chochote kinachoinyang'anya nuru nishati njiani kwa kuigonga kingeipotosha pia njia yake, na galaksi za mbali zingeonekana kama kupitia ukungu, lakini hazionekani hivyo. Halafu kuna mnururisho unaojaza anga yote, ulionaswa na Arno Penzias na Robert Wilson huko New Jersey katika miaka ya 1964 na 1965, wenye joto la nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili. Setilaiti ya COBE iliupima na kukuta spektra yake ina umbo kamilifu la kitu chenye joto moja. Umbo hilo hudumu ikiwa mnururisho umepoa pamoja na nafasi kutanuka. Nishati ikipotea bila nafasi kutanuka, idadi ya fotoni, yaani chembe za nuru, hubaki kubwa kupita kiasi na umbo huharibika.

Halton Arp ni hadithi nyingine, na mimi huisoma kwa masikitiko. Alikuwa mtazamaji hodari wa anga. Atlasi yake ya galaksi za ajabu, ya mwaka 1966, bado inatumika. Alionyesha picha za kwasa zilizokaa karibu sana na galaksi, akidai kwamba vinashikana, ingawa mawimbi yao yanatoa umbali tofauti kabisa. Mfano wake maarufu ni galaksi NGC 4319 na kwasa Markarian 205. Ya kwanza mwendo wake hauzidi kilomita 2,000 kwa sekunde, ya pili unapita 20,000, na Arp aliona daraja la nuru kati yao. Ikiwa vimeungana kweli, basi kurefuka kwa mawimbi si kipimo cha umbali, na jengo zima linabomoka. Jibu lilitokana na nuru ya kwasa yenyewe: ndani ya spektra yake mna mistari iliyofyonzwa na gesi ya NGC 4319. Nuru ile ilipita ndani ya galaksi kabla ya kutufikia, kwa hiyo kwasa iko nyuma yake. Lakini kabla hoja zake hazijaisha kujibiwa, katika miaka ya 1980 Arp alinyimwa muda wa kutumia darubini za California, akahamia Ujerumani. Nadhani lilikuwa kosa kubwa. Walioamua hivyo ndio waliowapa watengeneza video wa leo ile hadithi ya ukweli uliofichwa.

Nadharia nyingine hata haikukana kutanuka. Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walisema mwaka 1948 kwamba ulimwengu unatanuka ila hauna mwanzo, kwani maada mpya huzaliwa kujaza mapengo. Mnururisho wa Penzias na Wilson uliwashinda. Hata hivyo Hoyle, kwa kuwa hakutaka Mlipuko Mkuu, yaani wazo kwamba ulimwengu ulianza ukiwa moto na msongamano mkubwa kisha ukatanuka, alilazimika kutafuta elementi zilipikwa wapi kwingine, na mwaka 1957 yeye na wenzake watatu wakaeleza jinsi nyota zinavyozitengeneza. Chuma kilicho katika damu yako kinaelezwa na kazi hiyo.

Ile bilioni 26.7 nayo? Ni hesabu ya Rajendra Gupta wa Ottawa, aliyechanganya nuru kuchoka na namba za kimsingi za fizikia zinazobadilika na wakati. Video hazisemi kwamba hata yeye aliacha kutanuka ndani ya hesabu yake. Alichochewa na galaksi ambazo darubini ya James Webb iliziona zikiwa zimekomaa mapema mno, na hilo ni fumbo la kweli. Fumbo jingine ni kasi yenyewe ya kutanuka. Ule mnururisho wa Penzias na Wilson unatoa takriban 67, supanova na Sefeidi zinatoa takriban 73, kwa kipimo cha kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki (takriban miaka ya nuru milioni 3.26), na pengo hilo halijazibwa. Watafiti wanabishana juu yake waziwazi kwenye makongamano.

Na bado kuna kipimo ambacho hakijafanywa. Mwaka 1962 Allan Sandage alieleza kwamba ulimwengu ukiwa unatanuka, kurefuka kwa mawimbi ya kitu kilekile lazima kubadilike miaka inavyopita, kwa sentimita chache tu kwa sekunde katika mwongo mmoja. Nuru ikiwa inachoka na galaksi zimetulia, mabadiliko hayo ni sifuri. Darubini ya Ulaya yenye kioo cha mita 39, inayojengwa mlima Armazones nchini Chile, imekusudiwa pamoja na mengine kupima mistari ya kwasa ikishakamilika, na kuipima tena kwa kwasa zilezile miaka kama 20 baadaye.