Je, wajua? Yule towashi aliyebatizwa na Filipo alitoka kwenye mto wetu huu huu

Ukipanda basi la Kampala kwenda Arua, mkishavuka Karuma na wale nyani wa barabarani mnafika daraja la Pakwach, basi linapunguza mwendo na kina mama wanakimbilia madirishani na angara zao na samaki wa kukaanga. Siku nyingine ukipita hapo angalia chini kwanza kabla hujatoa pesa. Hayo maji yametoka Jinja, yakapita Kyoga, yakagusa ziwa Albert, na safari yao bado ndefu, yanaenda Nimule, Juba, Khartoum, alafu ukiipita Khartoum kama kilomita 200 yanapita karibu na mji wa kale unaitwa Meroe. Huko ndiko alikokuwa anarudi yule towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, wa Matendo ya Mitume sura ya 8, yule aliyekuta maji njiani akabatizwa hapo hapo na mhubiri Filipo.

Mimi mwenyewe sikulijua hili. Nilisukumwa na mama mmoja wa ushirika wetu wa Jumatano hapa Arua, manake sisi tunasoma kila mtu na Biblia yake, huyu ya Kilugbara, yule ya Kiswahili, vijana wana ya Kizungu kwenye simu. Siku hiyo mwenye Kiswahili cha zamani akasoma "mtu wa Kushi", kijana mmoja akamkatiza akasema hapana, ya kwangu inasema Mwethiopia. Mama akaweka miwani chini akauliza, "Sasa wanangu, huyu ni mtu mmoja au wawili?" Watu wakacheka lakini hakuna aliyejibu, na mimi nikalibeba hilo swali mpaka nyumbani.

Jibu ni kwamba ni mtu mmoja, ila majina ya nchi yamehama. Waebrania nchi iliyokuwa kusini mwa Misri waliiita Kushi. Wagiriki wao walikuwa na neno lao, Aithiops, maana yake mtu mwenye uso ulioungua, yaani mweusi, na walilitumia kwa watu weusi wa kusini kwa ujumla. Sasa Agano la Kale lilipotafsiriwa kwa Kigiriki, mara nyingi penye Kushi wakaandika Aithiopia, na hapo ndipo mkorogo ulipoanza. Nchi ya Addis Ababa tunayoijua leo watu kwa karne nyingi waliiita Uhabeshi, lile jina la Ethiopia lilikuja kuwakalia wao baadaye. Kwa hiyo ukisoma "Ethiopia" kwenye Biblia, mara nyingi akili yako ipeleke Sudan, kwenye kingo za Naili, siyo kwenye milima ya Uhabeshi.

Na kinachothibitisha ni huyo bosi wake, Kandake malkia wa Kushi, ambaye towashi alimtunzia hazina. Wengi tunadhani Kandake ni jina la mtu, kuna hata mabinti wamepewa jina hilo, lakini kumbe ni cheo, kama vile kwa Baganda unavyosema Nnaabagereka hujataja jina la mtu umetaja kiti. Wafalme wanawake na mama wa wafalme wa Kushi waliitwa Kandake mmoja baada ya mwingine, na makao yao yalikuwa Meroe, ambako mpaka leo piramidi zao zimesimama mchangani, nyembamba na zenye ncha kali kuliko za Misri. Ukihesabu piramidi zote za Wakushi zinapita 200, yaani kwa idadi wamewashinda Wamisri.

Na hawakuwa malkia wa kukaa tu kwenye kiti. Miaka kama 50 au 60 kabla ya huyo towashi kukutana na Filipo, Kandake mmoja aliyeitwa Amanirenas alipigana na Warumi. Jeshi lake lilishambulia mpaka wa kusini wa Misri likaangusha sanamu za Kaisari Augusto, huyo huyo wa Luka sura ya 2 aliyeamuru watu waandikwe. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kichwa cha shaba cha Augusto hapo Meroe, na kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila anayeingia akanyage kichwa cha Kaisari. Macho yake ya kioo na mawe bado yapo, yanakutazama. Leo kiko Uingereza, kwenye British Museum. Hebu fikiria, mtu anayetunza hazina ya dola kama hiyo, ndiye aliyekaa kwenye gari la farasi anasoma Isaya kwa sauti. Huyo ni kama waziri wa fedha, siyo msafiri tu aliyepotea njia.

Wakushi wenyewe wako wengi kwenye Biblia, tunawapita tu. Mke wa Musa anayetajwa Hesabu 12 ni Mkushi, na Miriamu aliyemsema Musa kwa sababu ya huyo mwanamke ndiye aliyepigwa ukoma akawa mweupe kama theluji, taifa zima likasimama siku 7 kumngoja. Finehasi mjukuu wa Haruni ana jina la Kimisri ambalo maana yake ni Mnubi, yaani mtu wa huko huko Kushi. Tirhaka wa 2 Wafalme 19 ni mfalme kweli wa historia, Taharqa, Mkushi aliyekuja kutawala mpaka Misri yote kuanzia mwaka 690 KK, piramidi yake iko Nuri kule Sudan. Senakeribu mfalme wa Waashuri alipoizingira Yerusalemu mwaka 701 KK alipata habari kwamba Tirhaka anakuja kupigana naye. Waashuri kwenye maandishi yao wanajisifu kwamba waliwapiga Wamisri na Wakushi, sawa, lakini Yerusalemu hawakuingia.

Ila anayenigusa zaidi mimi ni Ebedmeleki, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu sijawahi kusikia mahubiri hata moja juu yake.

Yeremia 38. Wababeli wameizunguka Yerusalemu, chakula kinaisha, na Yeremia anawaambia watu wajisalimishe. Wakuu wakakasirika wakasema huyu anavunja moyo wa askari, wakamteremsha kwa kamba kwenye shimo la kuwekea maji, maji yenyewe hakuna, kuna tope tu, akazama humo. Mfalme Sedekia ndiye aliyewaruhusu, alisema hawezi kuwazuia. Ndugu zake Yeremia, makuhani, manabii, wote kimya. Aliyesimama ni Mkushi, mgeni, towashi wa nyumba ya mfalme, na hata hilo jina Ebedmeleki maana yake ni mtumishi wa mfalme tu, labda la kwao kabisa hatulijui. Akatoka akaenda kwa mfalme aliyekuwa amekaa kwenye lango la Benyamini, mahali pa watu wengi, siyo chumbani kwa siri, akamwambia hawa watu wamefanya vibaya. Mbele za watu, na hao anaowasema ndio wenye nguvu mjini.

Mfalme akampa watu 30. Sasa angalia alichofanya kabla ya kwenda shimoni. Alipitia kwanza chini ya chumba cha hazina akachukua matambaa makuukuu na nguo zilizochakaa, akamteremshia Yeremia kwa kamba akamwambia weka haya kwapani, chini ya kamba.

Watu wanaosoma haraka wanaruka hapo. Mimi siwezi kuruka kwa sababu mjomba wangu alikuwa anachimba visima na vyoo vya shimo huku vijijini, na nikiwa mdogo nilikuwa nakaa juu na watu wa kuvuta kamba. Akimaliza kazi kule chini alikuwa anakunja gunia mara mbili anaweka kwapa hili, lingine kwapa lile, alafu ndiyo anapitisha kamba, anapiga kelele "vuta!" Siku moja walikuwa na haraka, mvua inakuja, akavutwa bila gunia. Jioni alivyovua shati ngozi ya kwapani ilikuwa imeondoka kama iliyoungua, wiki nzima hakuweza kuinua jembe. Na huyo alikuwa mtu mzima mwenye nguvu aliyekula mchana. Yeremia alikuwa na njaa, mwili umeisha, na tope linashika, kumvuta mtu kwenye tope siyo kama kumvuta kwenye shimo kavu. Kamba peke yake ingemtoa, ndiyo, lakini ingemkata. Mtu anayefikiria kwapa za mfungwa wakati mji mzima unafikiria mkate, banange, huyo ana moyo.

Na kuna kitu kingine. Ule mstari maarufu, je, Mkushi aweza kuibadili ngozi yake au chui madoadoa yake, uko Yeremia 13. Wapo walioutumia kutudharau watu weusi, na ni kuusoma vibaya, manake ukimalizia huo mstari unaona nabii anawasema watu wake mwenyewe, kwamba wamezoea uovu mpaka umekuwa kama ngozi. Aliyeyatamka hayo ndiye aliyekuja kutolewa shimoni na Mkushi. Sura ya 39 mji unaanguka, wana wa Sedekia wanachinjwa mbele ya macho yake alafu na yeye anatobolewa macho, na katika sura hiyo hiyo Mungu anamtuma Yeremia kwa Ebedmeleki amwambie wewe hutaanguka kwa upanga, utapona, kwa kuwa ulinitumaini.

Turudi kwa yule wa Matendo, manake na yeye alikuwa towashi na hapo ndipo kuna jambo ambalo lilinitoa usingizi kabisa. Wafalme wa zamani walipenda kuwaweka watu wa namna hiyo karibu na wake zao na karibu na pesa, waliona kwamba mtu asiyeweza kuwa na watoto hataiba ili awarithishe wanawe. Sasa huyu bwana alisafiri kutoka Kushi mpaka Yerusalemu kuhiji. Kutoka Meroe, hata ungeruka kama ndege, ni zaidi ya kilomita 1,600, na yeye hakuruka, alifuata mto na jangwa. Dereva wa trela anayetoka Mombasa mpaka Kampala anakula kilomita kama 1,150 za lami na anafika amechoka, je, huyu. Na anafika huko, sheria ya Kumbukumbu la Torati 23 inasema mwanamume wa aina yake asiingie katika mkutano wa Bwana.

Basi anarudi, amekaa garini, anasoma Isaya. Watu wa zamani kwa kawaida walisoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia akiwa anakimbia pembeni ya gari. Na alikuwa amefika pale panaposema juu ya mtu aliyepelekwa kama kondoo machinjoni, alafu mstari unaofuata: kizazi chake nani atakayekieleza? Huku kwetu tunajua uzito wa hilo. Mtu asiye na mtoto, akifa jina lake linaitwa na nani, hata shamba litalimwa na nani. Towashi anasoma juu ya mtu asiye na wa kumweleza kizazi chake, alafu anamgeukia Filipo anauliza, nabii anayasema haya kwa habari ya nani, yake mwenyewe au mtu mwingine? Mimi nilikuwa nalisoma hilo kama swali la kawaida la Bible stadi, siku hizi siwezi tena.

Biblia haisemi Filipo alimfungulia wapi zaidi, inasema alianzia andiko hilo hilo. Lakini kile kilikuwa kitabu cha kukunja, gombo, halina sura wala namba, unakunjua huku unakunja kule. Ukiendelea kukunjua kutoka hapo, safu chache tu mbele, unafika mahali tunapoita leo Isaya 56: wala towashi asiseme, tazama, mimi ni mti mkavu. Na Mungu anaahidi kuwapa matowashi ndani ya nyumba yake jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Ni gombo hilo hilo, alikuwa amelishika mikononi.

Ndiyo maana walipoona maji hakusema nibatize. Alisema tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?

Jumatano iliyofuata nikampelekea mama jibu lake, nikachora na mto kwenye ubao kwa chaki, Jinja huku chini, Pakwach hapa, Khartoum, Meroe. Akanyamaza akafuata mstari kwa kidole, alafu akasoma tena mwisho wa habari ya towashi: "akaenda zake akifurahi."

"Akaenda zake upande gani?" akaniuliza.

Nikamwambia Naili inakwenda kaskazini mama, na yeye alikuwa anaelekea kusini, kwa hiyo alikuwa anapandisha mto, uso wake umeelekea huku.

"Huku kwetu?"

"Ndiyo mama, huku."