Je, uvimbe wa mbwa ukijaa seli za kinga, hiyo ni dalili nzuri?

Mbwa wako amekatwa kauvimbe mdomoni ama kwenye ngozi, veti akatuma kipande maabara, ripoti inarudi na imeandikwa kwamba uvimbe umeingiliwa na limfosaiti nyingi. Limfosaiti ni seli nyeupe za damu, zile za kinga, kwa hivyo mtu akisoma hapo anashusha pumzi, si mwili umeamka unapigana? Jibu fupi: pengine ndio, pengine ni kinyume kabisa, inategemea ni limfosaiti gani zimekuja na zimekuja kufanya nini.

Hiyo imani lakini haikutoka hewani. Kuna uvimbe unaitwa histiositoma, hupata sana mbwa wachanga wa chini ya miaka 3, ni kakitu kekundu ka mviringo kasiko na manyoya, kwa sikio ama kichwa ama mguu, kanakua haraka mpaka mwenye mbwa anaanza kukata tamaa, halafu kanapotea kenyewe baada ya wiki kadhaa ama miezi michache. Ukikaangalia kwa hadubini kakiwa kanaisha unakuta kamejaa limfosaiti T za aina ya CD8, zile za kuua.

Halafu kuna ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa koko wanaambukizana wakipandana, na saa zingine unaota puani ama mdomoni juu ya kunusana na kulambana. Huo ni kioja, kwa sababu kinachohama kutoka mbwa hadi mbwa si kirusi, ni seli za kansa zenyewe, ukoo mmoja ambao umekuwa ukitembea hivyo kwa maelfu ya miaka. Ukiwa unakua unaficha alama ambazo kinga huzitumia kuutambua. Alama zikirudi, limfosaiti zinamiminika ndani na uvimbe unaanza kunywea (usingoje lakini, veti ana sindano ya vinkristini na kwa kawaida inafanya kazi vizuri sana). Kwa hizi mbili, limfosaiti nyingi kweli ni habari njema, na ni rahisi kuruka kutoka hapo useme ni hivyo kwa kila uvimbe.

Sasa njoo kwa melanoma, uvimbe wa zile seli zinazotengeneza rangi nyeusi. Za kwenye ngozi yenye manyoya mara nyingi hazina neno, za mdomoni mara nyingi ni mbaya na zinasambaa kwa tezi za limfu na mapafu. Watafiti wa Italia walipohesabu seli za kinga ndani ya hizi melanoma za mbwa, mbwa waliokuwa na seli B nyingi (limfosaiti za kutengeneza kingamwili) ndio walifanya vibaya zaidi, na pia waliokuwa na seli nyingi zenye protini ya FoxP3, ama zenye ile ya IDO.

Kuelewa FoxP3, fikiria ajali Thika Road. Gari imepinduka, dereva amebanwa ndani, umati umejaa, na ukihesabu vichwa ukiwa juu ya daraja utasema msaada umefika. Shuka sasa uone. Wengi wanarekodi na simu, wachache wanavuta mlango, na kuna jamaa mmoja wa sauti nzito amesimama hapo anasema "msimguse, ngojeni polisi", na watu wanamsikiliza kweli, wanaachilia mlango. Huyo jamaa si mtu mbaya, siku nyingine ndiye anazuia majeruhi avunjwe mgongo na wasaidizi wenye haraka. Seli za FoxP3 ndio huyo jamaa. Kazi yao halali ni kuzuia kinga isishambulie mwili wenyewe, na waliozigundua walipewa Nobel mwaka wa 2025. Shida ni kwamba uvimbe huzivuta kwake, zikifika zinatoa kemikali za kutuliza na zile CD8 za kuua zinabaki zimesimama tu. IDO nayo inamaliza triptofani, kiungo cha protini ambacho limfosaiti T zikikikosa haziwezi kuzaana.

Kuhusu seli B mimi ningeenda polepole, kwa sababu kwa binadamu kuna kansa ambazo seli B nyingi zinaendana na kuishi zaidi. Halafu tafiti hizi ni za mbwa makumi kadhaa, si maelfu, na mbwa mara nyingi hafi siku kansa imeamua, anafa siku mwenye mbwa ameamua alazwe usingizi wa milele, na hiyo inategemea pesa na huruma na gari ya kumpeleka kliniki. Kwa hivyo ukubwa wa uvimbe, kama umesambaa, na kasi ya seli kugawanyika bado ndio vitu veti anaangalia kwanza.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna balaa yake. Maabara huzipaka seli za kinga rangi ya kahawia ndio zionekane, na melanoma yenyewe imejaa rangi ya kahawia na nyeusi, sasa utatofautisha aje? Inabidi watumie rangi nyekundu, ama kwanza waichubue ile nyama na dawa ya kuondoa rangi, ndio waanze kuhesabu.