Stempu za kumbukumbu za makampuni: ni kitu gani hasa na kwa nini nchi inazitoa

Stempu ya kumbukumbu ni ile inayotolewa kwa ajili ya tukio, mtu au kitu fulani ambacho nchi imeamua kikumbukwe, na inachapwa mara moja tu, ikiisha ndo imeisha. Hapo ndo inapoachana na stempu za kawaida, zile za mnyama au ua au picha ya rais ambazo posta ikiishiwa inachapa nyingine miaka nenda rudi. Kwenye kazi ya kulipia barua zote ni sawa, unalamba unabandika barua inaenda, ila ile ya kumbukumbu ina kazi ya pili, inasema kitu. Na ikiwa inachosema kinahusu kampuni, yaani shirika la ndege, reli, kiwanda, meli, hapo ndo tunapata hii aina ninayotaka kuielezea leo manake watu wengi wakiiona wanadhani ni tangazo la biashara lililobandikwa kwenye bahasha.

Sio tangazo, au tuseme haitakiwi kuwa tangazo. Tangazo kampuni inajilipia yenyewe na inajisemea yenyewe. Stempu rasmi inatolewa kwa jina la nchi, jina la nchi linaandikwa pale juu (isipokuwa Uingereza peke yao ambao walianza mwaka 1840 na mpaka leo hawaandiki jina, wanaweka kichwa cha mfalme au malkia tu), na kwa hiyo anayeongea pale ni taifa. Taifa linasema hii kampuni imeingia kwenye historia yetu, imebeba watu wetu, imelisha watu wetu, imefikisha mizigo yetu, tunaiweka kwenye kumbukumbu pamoja na mashujaa na mito na milima.

Na wala sio jambo la juzi. Kati ya stempu zinazotajwa kuwa za kumbukumbu za mwanzo kabisa duniani ipo ya Peru ya mwaka 1871, ya sentavo 5, nyekundu, ina picha ya kichwa cha treni na imezungukwa na majina matatu, Chorrillos, Lima na Callao, ambavyo ndo vituo vya reli. Ilitolewa kutimiza miaka 20 tangu reli ya Lima na Callao ianze kazi mwaka 1851, mojawapo ya reli za mwanzo kabisa Amerika ya Kusini. Kwa hiyo mtu akikuambia kuweka makampuni kwenye stempu ni ubepari wa siku hizi mwambie kitu hiki kina umri sawa na stempu za kumbukumbu zenyewe.

Sasa kila nchi ina msimamo wake, na hapa ndo patamu. Marekani ni wagumu, kanuni zao zinasema stempu isitolewe kutangaza biashara wala bidhaa, ingawa bidhaa inaweza kuonekana kama inasaidia kueleza kitu kikubwa zaidi cha utamaduni wao. Ila hata wao tarehe 28 Februari 1952 walitoa stempu ya senti 3 ya reli ya Baltimore and Ohio, miaka 125 kamili tangu ipewe hati yake ya kuanzishwa mwaka 1827, na hapo hoja yao inaeleweka, reli ile ilikuwa mwanzo wa usafiri wa treni wa abiria nchini kwao, huwezi kusimulia Marekani ukairuka.

Italia wao wameenda upande wa pili kabisa, wana mfululizo mzima wa stempu kwa ajili ya ubora wa uzalishaji na uchumi wa nchi yao, na humo makampuni yanaingia kwa majina yao bila kificho. Mwaka 2014 walitoa ya Nutella ilipotimiza miaka 50. Ukisikia hivyo unaweza kusema sasa hii chokoleti ya kupaka kwenye mkate imefuata nini kwenye stempu ya taifa, lakini ukiijua historia yake unaona. Ferrero, wenye Nutella, ni familia ya mji wa Alba kule Piemonte, na baada ya vita kuu ya pili kakao ilikuwa adimu na ghali sana, wao wakachukua hazelnati, aina ya njugu za mti, ambazo kwenye milima yao zinaota tele wakachanganya na kakao kidogo waliyokuwa nayo, ikaanza kama kipande kigumu cha kukata kwa kisu, na mwaka 1964 ndo chupa ya kwanza yenye jina la Nutella ikatoka. Kwa hiyo kinachoadhimishwa pale ni jinsi nchi iliyotoka vitani ilivyojipikia kitu kutokana na ilichokuwa nacho shambani. Mwaka 2017 wakatoa ya Fiat 500, miaka 60 tangu ile gari ndogo iingie barabarani 1957, wakachapa nakala milioni 1 za senti 95 za yuro. Gari ile ndo iliyowatoa Waitaliano wengi wa kawaida kwenye pikipiki na baiskeli, familia nzima inajibana humo na mizigo juu ya paa inaenda baharini. Mimi kwa maoni yangu stempu hiyo inastahili kabisa, kwa sababu ukiitoa Fiat 500 kwenye maisha ya watu wa Italia wa miaka ya 1960 unabaki na pengo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapahapa kwetu, na inaniuma kwamba vijana wengi hawaujui. Mwaka 1967 posta ya Afrika Mashariki ilitoa stempu nne kuadhimisha miaka 21 ya East African Airways, shirika la ndege lililoanza 1946 na ambalo lilikuwa la kwetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania. Nne hizo zilikuwa za senti 30, senti 50, shilingi 1 na senti 30, na shilingi 2 na senti 50. Kila moja ina ndege yake na ukizipanga vizuri unaona umri wa shirika lote.

Ya senti 30 ina Dragon Rapide, ndege waliyoanza nayo. Hebu iangalie kwa makini, ina mabawa mawili yamepandana moja juu ya jingine, yamefungwa kwa nguzo na waya, mwili wake wa mbao umevikwa kitambaa, injini mbili za panga, inachukua abiria kama 8 hivi. Halafu ya senti 50 ina Super VC10, dege refu la jeti lenye injini nne zote zimewekwa nyuma kwenye mkia, mbili kila upande, na mkia wenyewe umesimama juu kama herufi T. Shirika lilikuwa limepokea VC10 yake ya kwanza mwaka 1966 tu, yaani mwaka mmoja kabla ya stempu, kwa hiyo ilikuwa mpya kabisa, watu walikuwa wanaenda uwanjani kuishangaa. Ya shilingi 1 na senti 30 ina Comet 4, ambayo injini zake huzioni zinaning'inia popote kwa sababu zimefichwa ndani ya shina la bawa, na ya shilingi 2 na senti 50 ina Fokker Friendship, bawa liko juu ya mwili na injini mbili za panga, hii ndo iliyokuwa inazunguka viwanja vya huku ndani. Kutoka mbao na kitambaa mpaka jeti ya kuvuka mabara ndani ya miaka 21, na mambo yote hayo yamewekwa kwenye vikaratasi vinne ambavyo ukiviweka kiganjani bado nafasi inabaki.

Sasa angalia na majina ya nchi. Kwenye stempu za posta ile nchi tatu ziliandikwa pamoja lakini mpangilio ulikuwa unabadilishwa, stempu moja inaanza na Uganda, nyingine inaanza na Kenya, nyingine Tanzania, ili isije ikaonekana nchi fulani ndo mkubwa wa wenzake. Mimi naona hiyo ni adabu ya hali ya juu. Na ilikuwa inatumika kote, ukinunua Moshi au Kisumu au Mbale ni stempu ileile, inabandikwa inaenda.

Kitu kingine ambacho kinaipa uzito ni nani alikuwa anamwadhimisha nani. Posta ilikuwa shirika la pamoja, na shirika la ndege nalo la pamoja, kwa hiyo ni ndugu anampongeza ndugu wa nyumba moja. Mwaka huohuo wa 1967, tarehe 6 Juni, marais watatu walisaini mkataba pale Kampala na tarehe 1 Desemba Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza rasmi, makao makuu ya posta yakawekwa Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege zikabaki Nairobi. Kwa hiyo stempu zile zilitoka wakati watu wana imani kweli kwamba mambo haya ni ya kudumu. Miaka kumi baadaye, 1977, Jumuiya ikavunjika na East African Airways ikafa nayo, madeni, magomvi ya nani alipe nini, ndege zikazuiliwa huku na kule, Kenya ikaanzisha Kenya Airways na Tanzania ikaanzisha Air Tanzania mwaka huohuo. Wafanyakazi wengi, marubani kwa mafundi kwa wahudumu, walijikuta shirika lao halipo tena. Ukitaka kumwonyesha mtoto leo kwamba tuliwahi kuwa na shirika moja lenye VC10 zake, stempu ni mojawapo ya vitu vichache rasmi unavyoweza kumshikisha mkononi.

Na haikuwa ndege tu. Mwaka 1969 zilitoka za usafiri wa majini, ndani yake kuna MV Umoja, meli iliyokuwa inapakia mabehewa ya treni mazimamazima na kuyavusha Ziwa Victoria, kuna SS Harambee, na kuna MV Victoria ambayo watu wa Mwanza na Bukoba hawahitaji kuelezwa, imekarabatiwa ikarudi kazini 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Mwaka 1976 zikatoka za reli, ya senti 50 ina treni ya TAZARA, ya shilingi 1 ina daraja la mto Nile Uganda, ya shilingi 2 stesheni ya Nakuru, na ya shilingi 3 kichwa cha treni cha mwaka 1896 cha reli ya Uganda. Hiyo ni mwaka mmoja tu kabla Jumuiya haijavunjika, na bado walihakikisha kila nchi ina picha yake.

Sasa niseme na upande ambao unachanganya watu, kwa sababu sio kila stempu yenye kampuni ni ya aina hii. Miaka ya 1980 Tanzania ilitoa stempu zenye magari ya Rolls-Royce, yale ya zamani ya kifahari. Ni stempu rasmi, zina jina la nchi, zina bei kwa shilingi, lakini Rolls-Royce haijawahi kuwa sehemu ya maisha ya Mtanzania, stempu zile zilikuwa zinalenga wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaopenda magari, na nchi nyingi ndogo na maskini zilifanya hivyohivyo kupata fedha za kigeni. Siwalaumu kutafuta pesa, ila ile sio kumbukumbu ya kampuni ya taifa, ni bidhaa ya kuuza nje. Halafu kuna stempu binafsi, ambazo siku hizi posta za nchi kadhaa zinakuruhusu kulipia ukawekewa picha unayotaka, ya harusi, ya mtoto, au kampuni ikaweka nembo yake. Hiyo nayo inabandikwa kwenye barua vizuri tu, lakini aliyeamua ni mteja, taifa halijasema neno.

Kwa hiyo ukikutana na stempu ya kampuni jiulize kwanza nani kaamua itoke, halafu angalia kama kuna sababu ya tarehe, miaka 21, miaka 50, miaka 125, kwa sababu za kumbukumbu mara nyingi zinafungwa kwenye mwaka fulani. Halafu angalia wamechora nini. Mimi huwa naziamini zaidi zile zinazoonyesha kazi yenyewe, ndege, meli, daraja, mashine, kuliko zile zilizojaza nembo peke yake, manake nembo ni ya mwenye kampuni lakini ile meli ilibeba watu wote. Kitu ambacho nakitamani na sikioni vya kutosha ni sura za wafanyakazi, yule fundi wa karakana au makuli wa bandarini. Treni zimechorwa sana, waliozisukuma wamechorwa kidogo mno.

Kama nyumbani kwenu kuna barua za zamani za wazee kwenye sanduku au kabati, zipekue, hizi za Afrika Mashariki zilichapwa nyingi na bado zinapatikana, kwa bei sio za kukutajirisha kwa hiyo usitegemee hilo. Ila ukiikuta usiibandue kwenye bahasha kwa pupa. Vile vitobo vya pembeni vikichanika stempu imeharibika, na zaidi ya hapo muhuri wa posta unaoangukia nusu kwenye stempu nusu kwenye bahasha ndo unaokuambia ilitumwa mji gani na tarehe gani, na kwa kuwa stempu ilikuwa moja kwa nchi tatu, ukiutupa huo muhuri huwezi tena kujua kama barua ilitoka Tabora, Jinja au Nakuru. Iache na bahasha yake, weka kwenye mfuko mkavu mbali na jua, na uandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni aliyeandikiwa ni nani kwenu.