Kwa Nini Betri ya Trekta Inakufa Wakati Trekta Limelala Tu?

Msimu wa kulima ukipita, matrekta mengi ya Kikatiti, Usa River na Boma Ng'ombe huingizwa bandani na kukaa humo miezi. Mvua za vuli zikikaribia, mwenye mali anapanda, anazungusha funguo, na starta inajibu "tik" moja tu. Betri ilikuwa nzima siku linaegeshwa. Hakuna aliyewasha taa wala redio. Umeme umekwenda wapi?

Kwa trekta la zamani, jibu ni rahisi kulipata kuliko kwa gari la kisasa. Gari la leo lina kompyuta, king'ora, saa na kipokezi cha rimoti, na vyote hunywa umeme kidogo hata gari likiwa limefungwa, kiasi kwamba fundi akikuta miliampea (elfu moja huwa ampea moja) 20 hadi 50 hashtuki. Massey Ferguson 135 ya dizeli, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1964, haina hata kimoja kati ya hivyo. Injini yake ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka, na huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta. Ukishazima kila swichi, trekta hilo linapaswa kutumia sifuri. Kwa hiyo kipimo chochote kinachosoma juu ya sifuri kina kisa chake.

Kabla ya kufungua waya hata mmoja, hesabu siku. Chukua betri ya ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 100. Starta ya dizeli huanza kugoma betri ikiwa imebaki na nusu hivi, kwa hiyo ampea-saa 50 zikiondoka umeshakwama. Taa mbili ndogo za wati 5 kila moja, zilizosahauliwa au zenye swichi mbovu, huvuta takribani ampea 0.8, na nusu hiyo itaisha kwa siku mbili na nusu. Uvujaji wa ampea 0.5 unahitaji siku nne. Miliampea 50 huchukua wiki sita. Yaani trekta linalogoma kila Jumatatu na trekta linalogoma baada ya miezi mitano hayana ugonjwa mmoja, na fundi asiyekuuliza lilikaa siku ngapi ameruka swali la kwanza.

Hilo la miezi mitano mara nyingi halina mwizi. Betri ya maji hujimaliza yenyewe taratibu hata ikiwa juu ya rafu, asilimia chache kwa mwezi ikiwa mpya na zaidi ya hapo ikizeeka. Joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo hukaribia mara mbili, ndiyo maana betri iliyolala Moshi mjini, chini ya mita 1,000, huwahi kuchoka kuliko mwenzake wa Arusha kwenye mita 1,400. Kisha Juni na Julai baridi ya Arusha huwadanganya watu: baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini iwe nzito, basi ile iliyokuwa dhaifu inaumbuka asubuhi moja. Baridi haikuimaliza, imeifichua tu.

Kujua kama kosa ni la betri au la trekta ni kazi ya subira, si ya akili nyingi. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku mzima, kisha pima volti kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi. Betri nzima itasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ondoa waya wa bodi, ule unaotoka betrini kwenda chasisi, kwenye teminali, iache wiki mbili, pima tena. Ikiwa bado iko 12.4 au juu ya hapo, betri haina kosa, rudi kwenye trekta. Ikiwa imeshuka hadi 12.0 bila kuunganishwa na kitu chochote, ni robo tu iliyobaki, na kutafuta waya mbovu ni kupoteza muda. Pitisha haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, kwenye vyumba vyake sita: kimoja kikisoma chini sana kuliko wenzake, hicho ndicho kimekufa. Na tafadhali, maji yakipungua unaongeza maji yaliyosafishwa, si asidi. Madukani vyote viwili huitwa "maji ya betri", uliza kabla ya kumimina.

Wengi watakuambia betri imeisha kwa sababu iliwekwa chini kwenye sementi. Imani hiyo ilikuwa na msingi enzi za magamba ya mbao na mpira. Gamba la plastiki la leo halipitishi umeme kwenda sakafuni. Kinachopitisha ni uchafu ulio juu ya betri: vumbi la shamba likichanganyika na jasho la asidi hufanya njia nyembamba kati ya chanya na hasi. Weka ncha moja ya multimita kwenye teminali ya hasi na nyingine itembeze juu ya plastiki. Ikisoma volti, chota maji yenye magadi kidogo, hakikisha vifuniko vimekazwa yasiingie ndani, osha, suuza, kausha.

Sasa trekta lenyewe. Hakikisha funguo na swichi zote zimezimwa, ondoa waya wa bodi, kisha unganisha balbu ya volti 12 ya wati 5 kati ya teminali na waya huo. Ikiwaka, hata kwa wekundu hafifu, uvujaji ni mkubwa. Isipowaka, badilisha kwa multimita kwenye tundu la ampea 10, na usijaribu kuwasha injini multimita ikiwa hapo, utaiunguza.

Matrekta haya yana fyuzi mbili tatu, mengine hayana hata moja, kwa hiyo unachomoa waya mmoja mmoja huku ukitazama namba. Ningeanza na altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Ndani yake kuna diodi zinazoruhusu umeme kwenda betrini na kuuzuia usirudi. Moja ikipasuka, betri inamwagika kinyumenyume usiku kucha. Dalili yake haihitaji hata kipimo: gusa altaneta asubuhi, trekta likiwa limelala. Ikiwa vuguvugu, umemkamata. Matrekta ya zamani zaidi yana dainamo badala ya altaneta, na kazi hiyo ya kuzuia hufanywa na katauti, swichi inayojikata yenyewe, iliyo kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji. Vidole vyake vikigandamana, betri hujaribu kuizungusha dainamo kama mota, na hapo umeme mwingi huondoka kwa saa chache na nyaya zinaweza kuungua. Hili si la kuahirisha hadi kesho.

Altaneta ikiwa safi, mfuate swichi ya funguo. Zikichakaa, funguo hutoka kabla swichi haijafika mwisho, na taa ya chaji pekee inavuta karibu ampea 0.2. Halafu swichi ya breki, taa ya kulimia ya nyuma aliyoifunga fundi wa kijijini bila fyuzi, matope na oili juu ya solenoidi (swichi kubwa) ya starta, na nyaya zilizotafunwa na panya, hasa pale banda la trekta linapokuwa pia ghala la mahindi.

Jambo moja kwa wenye matrekta ya Uingereza ya kale, kama Fordson Major: mengi yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Tazama waya unaokwenda chasisi umetoka teminali ipi kabla hujashika spana, na huo ndio unaoutoa kwanza na kuurudisha mwisho.

Swichi ya kukatia betri ni nafuu na inafaa, lakini ifungwe baada ya kupata chanzo cha tatizo. Waya unaochubuka ukiachwa utaendelea kuchubuka, na siku ya kuungua itakuwa siku ambayo swichi imewashwa na trekta liko shambani. Tena swichi hiyo isizimwe wakati injini inanguruma: altaneta ikikosa betri ghafla, volti hupanda na diodi huungua.