Hesabu ya Mafiga

Watu wakisikia kwamba naratibu misaada ya kanisa huku Kasese, magharibi mwa Uganda, hunifikiria nikiwa juu ya lori, nagawa unga. Lori ni la siku moja. Siku zilizobaki niko na daftari. Mimi si mchungaji, na sijawahi kuhubiri. Kazi hii nilipewa kwa sababu nilikuwa mweka hazina asiyepoteza risiti, na kwa sababu najua Kiswahili, nilichokiokota utotoni katika soko la Mpondwe, pale Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo wanapouziana samaki na kahawa huku kila mmoja akimwita mwenzake ndugu. Na ni ndugu kweli.

Daftari nililianza vibaya.

Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo. Hospitali ya Kilembe ilibomolewa na maji. Mwezi huo nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona: makanisa hayakuwa na ibada tangu Machi, na pasipo ibada hakuna sadaka, boda boda hazikuruhusiwa kubeba abiria, shule zilikuwa tupu, kwa hiyo ndizo zikawa kambi. Baada ya kuhangaika tulipata unga wa familia 120. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akatuletea majina 120 yaliyopigwa muhuri. Nikashukuru. Sikuuliza jambo hata moja.

Siku ya kugawa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama kando ya foleni tangu asubuhi. Saa nane akanisogelea. "Baba, niangalizie, jina langu liko?" Halikuwako. Alikuwa amepanga chumba kando ya mto. Hapa Uganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, neno ambalo Mswahili akilisikia hudhani ni la kubeba kichwani, na siku ile ya mafuriko nusura awe amepatia. Jengo lake lilikuwa na vyumba sita, yaani familia sita. Lote lilizolewa. Kwenye orodha lilikuwa na jina moja, la mwenye nyumba, ambaye alikuwa akiishi mlimani na hata viatu vyake havikulowa. Gunia alikuwa ameshachukua.

Sidhani mwenyekiti alikuwa mwizi. Uliza mwenyekiti yeyote nyumba iliyoanguka ni ya nani, atakutajia mwenye kiwanja. Swali lilikuwa baya, na mwuliza swali ni mimi. Tangu siku ile tunahesabu mafiga. Tunauliza: nani alikuwa anapika hapa? Penye mafiga matatu au sigiri moja, yaani jiko la mkaa, hapo pana familia moja, hata kama familia nne ziko chini ya bati moja. Bibi anayepika peke yake nyuma ya nyumba ya mwanawe ni familia. Mume mwenye wake wawili ni meko mawili, na kila mke anaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Wazee wengine hili halikuwapendeza. Liliwapendeza wake.

Sheria ya pili: anayeandika majina hagawi. Kwetu kina mama wa umoja wa kanisa wanapita kuandika wakiwa na mtu mmoja wa dhehebu lingine au Mwislamu wa mtaa huohuo, na orodha inabandikwa ukutani siku mbili kabla ya lori. Siku hizo mbili ni za kelele. Watu wanakuja kushtaki: huyu hayupo, yule amehama, yule amekufa. Kelele za ukutani ni nafuu kuliko za kwenye foleni.

Kanisa lina faida ambayo shirika kubwa haliwezi kuinunua: saa sita ya usiku mlango unafunguliwa, na katekista anajua nani ni mjamzito na nani hasikii vizuri. Lakini ujuzi huohuo ndio unaotuponza. Mzee mmoja wa kanisa alinifungulia Wagalatia 6:10, kwamba jamaa ya waaminio ndio hasa wa kutendewa mema. Nikamwambia mstari huo unaanza na watu wote. Kisha nikamtajia kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine, ya makanisa yakiwemo, walikubaliana mwaka 1994: msaada hautolewi kwa kuangalia dini. Hakuridhika, ila alinyamaza. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye foleni yetu hakuna mahubiri. Mwenye njaa atasema amina kwa lolote.

Kuhusu vyakula nitasema kifupi. Kipimo tunachofuata ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukihesabu gramu 400 za unga kila siku, watu watano wanamaliza kilo 14 kwa wiki, na bado wanahitaji maharage na mafuta. Kwa hiyo mfuko wa kilo 5 wenye picha ya askofu ni salamu tu. Na kabla ya unga, sufuria. Niliwahi kumkuta mtu aliyepewa maharage makavu bila chombo cha kupikia, kuni zote zimelowa; akawa anayaloweka kwenye jerikani iliyokatwa katikati, akingoja. Nguo za mitumba, tafadhali, msilete tena. Tulipokea kiatu cha kushoto peke yake.

Maji ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji safi kwa macho, na lazima usubiri nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha weka vidonge viwili. Lakini Nyamwamba inapita Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kwa miaka mingi, na marundo ya mabaki ya mgodi yako kando ya mto. Kila furiko linayamega. Klorini inaua vijidudu, madini haiyagusi. Ndiyo maana kule tunatangulia kutafuta bomba au chemchemi, hata kama ni mbali na kina mama wanalalamika kwamba mto upo hapohapo.

Wakimbizi ni hesabu nyingine. Mkongomani akishaandikishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu anapata karatasi yenye idadi ya watu wake. Raia aliyezolewa na mto hana karatasi, ana neno la mwenyekiti tu. Kwa hiyo kambini daftari langu ni jepesi, tatizo liko kwenye chungu. Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza posho ya wakimbizi hadi asilimia 70 Aprili 2020, ikafika 60 Februari 2021, na mwaka 2023 familia zikagawanywa makundi, kundi moja likabaki bila kitu. Tena wanaotoka Ituri na Kivu wengi wamezoea unga wa muhogo. Wakipewa mahindi wanauza sehemu ili wapate muhogo, kisha mgeni fulani anapiga picha na kusema wanauza msaada. Mimi nikipewa mchele mwezi mzima nitauza pia.

Narudi Mei ileile ya 2020. Kutoka Rwamwanja, kule Kamwenge, nilipigiwa simu na mama mmoja, kiongozi wa kina mama wa kanisa la wakimbizi. Wamesikia habari za Nyamwamba. Kanisa lao limefungwa, kwa hiyo wamepita nyumba kwa nyumba na kikombe, kile cha nusu lita tunachokiita tampeko, kila nyumba kikombe kimoja cha maharage. Vikombe 418. Posho yao ilikuwa imekatwa mwezi uliotangulia. Nilimuuliza kama amehakikisha nyumba hizo zinabaki na cha kula, na akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto kwamba mto unapochukua nyumba hauulizi mwenyewe ametoka nchi gani.

Maharage yalifika kwenye lori lenye kibali, magunia mawili yamejaa, na kikaratasi kimeshonewa mdomoni kwa uzi mwekundu. Nikakikata nikitarajia mstari wa Biblia. Kilikuwa kimeandikwa: "Mifuko muturudishie."

Wakati nakisoma vizuri, maharage yalikuwa yameshagawiwa na yale magunia nilikuwa nimempa yule mama mwenye mtoto mgongoni atandike chini. Nikaenda mjini kununua mawili mapya. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa.