Kiota cha nywele juu ya kifandugu: dhana potofu kuhusu tiba ya leza, na ukweli wake

Kijana anapanda daladala na kukaa kwa upande mmoja tu wa makalio, na kila gari linapoingia kwenye shimo anajinyanyua kidogo kwa mikono. Akiulizwa, atasema mgongo unamsumbua. Kwa kweli ana uvimbe kwenye mfereji wa makalio, sentimita chache juu ya njia ya haja kubwa, karibu na kifandugu, na jioni akivua nguo ya ndani anakuta doa la usaha lenye harufu. Amekwisha kumeza vidonge vya duka la dawa mara tatu, na mara zote tatu uvimbe ulinywea kisha ukarudi. Sasa amesikia kwamba kuna leza, na kila aliyemsimulia habari za leza amemsimulia jambo tofauti.

Ugonjwa huu huitwa sainasi ya pilonidali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1880 na daktari wa Marekani, Richard Hodges, kutokana na maneno mawili ya Kilatini, pilus, yaani unywele, na nidus, yaani kiota; sainasi hapa ni njia nyembamba iliyopita chini ya ngozi. Huwapata zaidi vijana, kuanzia balehe hadi miaka 30 hivi, wanaume kuliko wanawake, na ni nadra kuanza baada ya miaka 40. Umeenea zaidi katika nchi za Bahari ya Mediterania na Mashariki ya Kati kuliko kusini mwa Sahara, kwa hiyo si ajabu kwamba kwetu hudhaniwa kuwa jipu, au bawasiri, au jambo lisilosemeka mbele ya watu.

Dhana: Ni jipu sugu, litamalizwa na vidonge au kwa kukamuliwa.

Jipu la kawaida likitoa kiini chake, limekwisha. Hapa kilichopo ni njia iliyopita chini ya ngozi, na ndani yake mna nywele zilizokwama, na dawa ya kuua bakteria haiondoi unywele. Ukitanua mfereji wa makalio taratibu chini ya taa nzuri, utaona katikati kabisa ya mstari tundu moja au matundu kadhaa madogo, kila moja likiwa kama alama ya ncha ya kalamu, na wakati mwingine unywele mmoja unachungulia humo. Ukivutwa kwa kibano huja na wenzake, wamelowa na kushikamana kama mabaki yanayotolewa kwenye bomba la bafu. Usaha mara nyingi hutokea mahali pengine, juu zaidi na pembeni, na ndiyo maana mgonjwa hukitibu kidonda anachokihisi kwa kidole na kuyaacha matundu asiyoyaona. Usaha ukijaa na uvimbe ukawaka moto, tiba yake ni kupasuliwa kwa ganzi ili utoke, na mpasuo uwe pembeni kidogo ya mstari wa katikati, kwa kuwa kidonda cha katikati hukawia kupona.

Wapo pia wanaoambiwa kuwa wana fistula, neno ambalo Afrika Mashariki huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye majeraha ya uzazi. Fistula ya njia ya haja kubwa ipo na huwapata wanaume na wanawake, lakini hiyo huanzia ndani ya njia hiyo, ilhali sainasi ya pilonidali haiunganiki nayo. Daktari analazimika kutofautisha mawili hayo kabla ya kutaja leza yoyote, kwa sababu katika fistula kuna misuli ya kuzuia choo ambayo haitakiwi kuguswa ovyo.

Dhana: Amezaliwa nao, au ni matokeo ya uchafu.

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliamini kwamba ugonjwa huu ni kasoro ya tangu tumboni, na imani hiyo iliwafanya wakate nyama nyingi, wakitafuta mizizi ambayo haikuwepo. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoanza kuitikisa. Katika jeshi la Marekani askari zaidi ya 70,000 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa huu, na kwa kuwa wengi walikuwa wakirushwarushwa kwenye viti vigumu vya magari ya kijeshi, daktari Louis Buie aliuita mwaka 1944 ugonjwa wa jipu, kwa maana ya gari aina ya jeep. Mlingano wa neno hilo na jipu letu la usaha ni wa bahati tu, lakini ni bahati ya kuchekesha. Katika miaka hiyohiyo ya 1940, madaktari Patey na Scarff wa London walieleza kisa cha kinyozi aliyekuwa na sainasi ya namna hiyo katikati ya vidole vya mkono. Hakuna anayezaliwa na kiota cha nywele katikati ya vidole. Zile zilikuwa nywele za wateja wake, vipande vifupi vilivyojichoma kwenye ngozi laini kidogo kidogo.

Tangu hapo ushahidi umezidi kuelemea upande huo. Daktari Mgiriki, Karydakis, alieleza kwamba vinahitajika vitu vitatu: unywele uliolegea, nguvu inayousukuma, na ngozi inayokubali kupenywa. Utafiti wa karibuni kutoka Ujerumani ulizichunguza nywele zilizotolewa ndani ya sainasi ukakuta kwamba nyingi ni vipande vifupi vyenye ncha kali za kukatwa, vinavyofanana na nywele za kisogoni kuliko za makalioni. Yaani huanguka kutoka kichwani, hushuka mgongoni na kuishia kwenye mfereji, ambapo kila mwendo wa makalio huvisukuma ndani kama sindano. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku anaweza kuupata. Usafi husaidia kwa kuwa unaziondoa nywele hizo, lakini kuupata ugonjwa si ushahidi wa uchafu, na wala si ushahidi wa tabia yoyote ya faragha ambayo watu hupenda kumzulia mgonjwa.

Dhana: Leza ni leza, popote unapoipata ni ile ile.

Kosa hili ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko yote, nami nalilaumu zaidi kwa sababu wakati mwingine huachwa makusudi bila kusahihishwa na anayeuza huduma. Kuna leza mbili zenye kazi mbili tofauti.

Ya kwanza ni ya kuondoa nywele. Mwanga wake hukamatwa na melanini, yaani rangi ya asili, iliyomo kwenye unywele, hugeuka joto na kuliunguza shina la unywele chini ya ngozi. Kwa kuwa melanini imo pia kwenye ngozi, mtu mweusi anaweza kuungua au kubaki na madoa mashine isipochaguliwa kwa uangalifu. Ndiyo sababu kwa ngozi nyeusi hupendekezwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, ambayo hupenya ndani zaidi na hukamatwa kidogo na rangi ya ngozi ya juu, badala ya ile ya nanomita 755 iliyozoeleka kwa watu weupe. Huhitaji kurudiwa mara kadhaa, kila baada ya wiki kadhaa, na haiwezi kitu kwa nywele nyeupe.

Ya pili huingizwa ndani ya njia yenyewe ya ugonjwa kwa uzi mwembamba wa kioo ambao ncha yake hutoa mwanga kuzunguka pande zote. Hii haijali rangi. Aina inayotumika sana ni ya nanomita 1,470, ambayo mwanga wake humezwa na maji, na kwa kuwa nyama ya mwili imejaa maji, joto huishia karibu sana na uzi. Huunguza utando wa ndani wa njia na kuifanya isinyae, bila kuichoma ngozi iliyo juu. Kwa hiyo aliyekwenda saluni akapigwa leza juu ya ngozi hajatibiwa sainasi aliyo nayo, na aliyefungwa njia kwa leza hospitalini hajaondolewa nywele zitakazoanguka mwakani. Jaribio lililofanywa Marekani kwa vijana wa miaka 11 hadi 21, na kuchapishwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba walioondolewa nywele kwa leza pamoja na huduma ya kawaida walirudiwa na ugonjwa asilimia 10 hivi ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 34 hivi ya waliopata huduma ya kawaida peke yake.

Dhana: Kwa leza hukatwi chochote na husikii chochote.

Matangazo husema hakuna kisu. Kwa kweli kipo, ila ni kidogo. Mgonjwa hulala kifudifudi, makalio yakiwa yametanuliwa kwa plasta pana zilizobanwa kwenye kingo za meza. Hupigwa ganzi ya mahali hapo au ya uti wa mgongo, na mara chache hulazwa usingizi kabisa. Daktari huyakata matundu ya katikati kwa kifaa cha mviringo chenye upana wa milimita chache, kisha hutoa nywele kwa kibano, hukwangua kuta za ndani na kusafisha kwa maji ya chumvi hadi yatoke meupe. Hapo tu ndipo uzi wa leza huingizwa hadi mwisho wa njia, huwashwa, na hurudishwa nyuma polepole, kiasi cha milimita moja kwa sekunde, huku njia ikijifunga nyuma yake. Matundu hayashonwi, huachwa wazi ili majimaji yatoke. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile.

Ukiutazama mpangilio huo vizuri, utaona kwamba sehemu isiyo na mvuto wa tangazo, yaani kutoa nywele na kukwangua, ndiyo inayoamua mengi. Leza iliyowashwa juu ya fundo la nywele lililobaki ndani huzikaanga nywele hizo na kuziacha pale pale. Maumivu huwa madogo kuliko ya kidonda kikubwa, na wengi hurudi kazini baada ya siku chache au wiki moja, lakini majimaji mekundu huendelea kutoka kwa wiki kadhaa na kupona kabisa huweza kuchukua mwezi mmoja hadi miwili. Anayekuja na jipu lililojaa usaha hafanyiwi leza siku hiyo. Hutolewa usaha kwanza, husubiri wiki kadhaa mpaka uvimbe utulie, ndipo huandaliwa.

Dhana: Leza ni tiba ya mwisho, ugonjwa haurudi.

Tafiti nyingi zilizochapishwa zinataja kwamba kati ya wagonjwa 10, wanane hadi tisa hupona baada ya leza ya mara ya kwanza. Hayo ni matokeo mazuri, ila yasomwe na mambo mawili kando yake. Wagonjwa wengi katika tafiti hizo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, ilhali ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka mitano au kumi. Tena, leza hufanya vizuri kwa mwenye njia moja fupi na matundu machache; aliyekwisha kupasuliwa mara mbili tatu, mwenye matawi yanayoelekea pande zote na makovu magumu, huenda akahitaji upasuaji mwingine kabisa. Faida ninayoiona kubwa zaidi katika leza ni kwamba ikishindwa haijaharibu kitu, kwani inaweza kurudiwa, na njia za upasuaji mkubwa bado zipo.

Dhana: Kukata sana ndiko kupona kwa uhakika.

Upana wa nyama inayokatwa si kipimo cha kupona. Kukata eneo zima na kuacha kidonda wazi humaanisha wiki nyingi, wakati mwingine miezi, za kubadilishiwa gozi, na kushona kidonda katikati ya mstari ndiko kunakojulikana kurudisha ugonjwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mshono huachwa mle mle mferejini. Karydakis, katika njia aliyoieleza mwaka 1973, aliusogeza mshono pembeni na kuupunguzia mfereji kina. Kwa ugonjwa mpana njia za namna hiyo bado zina nafasi mbele ya leza.

Dhana: Ukiuacha utageuka saratani.

Saratani ya ngozi imewahi kutokea ndani ya sainasi zilizoachwa zikitoa usaha kwa miongo, lakini ni nadra mno, na mwenye tundu la miezi sita asikubali kutishwa nayo ili asaini fomu haraka.

Dhana: Nimeshapigwa leza, nimemaliza.

Njia imefungwa, nywele zinaendelea kuota na kuanguka. Wembe haupendekezwi kwa muda mrefu, kwani utafiti wa Ujerumani ulikuta waliokuwa wakijinyoa kwa wembe baada ya upasuaji wakirudiwa zaidi. Nywele fupi za ncha kali ndizo hasa zinazotoboa. Dereva na mwendesha bodaboda wasimame na kujinyoosha kila baada ya muda, mfereji uoshwe na ukaushwe vizuri, na kovu litazamwe na mtu mwingine au kwa kioo, kwa kuwa hakuna anayeweza kujiona hapo. Na anayetoka kwa kinyozi aoge siku ileile, maji yapite kisogoni, mgongoni na hadi chini kabisa, kabla hajakaa kwenye kiti cha gari na vile vipande vya nywele vikiwa bado ndani ya shati.